Baki ya 2,519

Jumatatu, 24 Machi 2025
Miche ya avokado imehesabiwa leo kwa nasari ya kikundi, hapa Kosele. 2,520! Mwenyekiti, Mama Priscah, amesema wakija mmoja, saba ama kumi, hiyo namba inagawanyika sawasawa. Memba ni kumi. Asiyekuja Jumamosi hapati. Mimi si memba, namwagilia tu, lakini nimepewa kazi ya kugawa. Malipo yangu ni baki. Wakapiga makofi. Memba mmoja, Dishon, akacheka peke yake. Nilishika maana dakika tano baadaye. Baki ni sifuri.

Na mimi nataka miche kumi. Nampenda Marion, na baba yake, Mzee Zablon, alisema kijana mwenye shamba la nyasi tupu asikanyage kwake.

Jumanne, 25 Machi
Shule niliacha darasa la tano. Macho sikuacha. Kalkuleta ya simu tangu asubuhi. 2,520 ni namba karimu. Lakini toa moja! 2,519. Gawa kwa kumi, baki tisa. Kwa tisa, nane. Kwa nane, saba. Choyo tupu! Mche mmoja sasa uko chini ya kitanda changu. Huo na tisa, kumi. Kwisha maneno.

Ijumaa, 28 Machi
Lazima wote kumi wafike. Mimi muoga wa kubisha mlango nimezunguka nyumba kumi. Dishon mguu umevimba. Nimemwahidi wilibaro. Marion siwezi kumwambia kitu usoni, nikamtumia meseji: kesho njoo nasari uone.

Jumamosi, 29 Machi
Kumi walifika. Dishon ndani ya wilibaro kama chifu. Marion akasimama kando ya ua. Nikashika kitabu kama pasta.

Mama Priscah akamwona Marion. Akasema huyu msichana alijaza udongo kwa vikaratasi vya plastiki vya miche mwezi mzima, ni dhambi akose. Aingie laini, agawiwe kama wengine. Wote wakakubali.

Kumi na moja. Hiyo sikuwa nimejaribu.

Kila mtu 229. Nikarudia mara mbili. Baki hakuna. Hata jani.

Dishon akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, sasa utalipwa na upepo?"

Walicheka mpaka Mama Priscah akakaa chini. Marion hakucheka. Alisema, "Levi, umegawa vizuri."

Nikamsukuma Dishon nyumbani. Halafu miche yake. Safari nne.

Jumatatu, 31 Machi
Meseji ya Marion: njoo uchukue kumi kwa miche yangu, Baba amesikia vile uligawa bila kupendelea, anakuita chai leo.

Nimemjibu asubiri. Niko na kazi. Msimu ujao kikundi kinapanda sukuma wiki, na nimejitolea kuotesha na kuhesabu mimi mwenyewe. Namba iko tayari: 27,719. Watu kumi, baki tisa. Kumi na moja, baki kumi. Kumi na mbili, baki kumi na moja! Nimejaribu zote mpaka kumi na mbili, hakuna mlango wazi.

Nimemwambia Marion siku ya kugawa asikose. Aje na dada zake wawili, nao waone.