Kuwapa Heshima Waprofesa wa Chancelle

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mutoto wangu anaandika mémoire, kitabu cha kumaliza chuo! Chancelle, wa tumbo langu mwenyewe, mwaka wa mwisho wa agronomia. Anaandika juu ya maziwa ya ng'ombe za Bogoro. Bogoro kwetu! Ijumaa kabla ya saa sita lazima kazi ifike kwa Profesa Marcellin, directeur wake, ndiye anasimamia kazi. Akikosa, ni kurudia mwaka.

Leo amenionyesha namna anakusanya vitabu. Iko stoo kubwa ku internet, wanaita base de données, makala zote za utafiti zinalala mule. Anachagua, anashusha fichier, ni faili yao, anafungua logiciel fulani, programu ya kompyuta, anabonyeza "Importer". Wee! Waandishi wanaingia mumoja nyuma ya mwingine. Halafu logiciel yenyewe inawapanga kwa alfabeti. Ndiyo bibliografia, orodha ya mwisho wa kitabu.

Machozi ilinitoka. Ni kama ng'ombe za baba yangu Gérard zikiingia zizini jioni, yeye amesimama mlangoni anaita kila moja kwa jina, moshi wa mavi makavu unatuzunguka. Ile harufu siipati tena popote.

Jirani Domitille akachungulia juu ya ua. Akasema bibliografia ya Emery wake, mwaka jana, ilijaza kurasa ine. Eti ine! Nikamwambia tutaona.

Jumanne, 10 Juni

Chancelle ameenda chuo, ameniachia ordinateur, kompyuta yake. Fichier ingine ilikuwa bado inashuka, rezo ya internet inavuta miguu. Alisema ikimaliza nibonyeze Importer. Mara moja tu, mama.

Ikamaliza. Nikabonyeza. Wakaingia. Nikakumbuka kurasa za Domitille. Nikabonyeza tena. Wakaingia tena! Walewale, kama mapacha. Mpaka mboga ya sombe inaiva jikoni nilikuwa na kurasa tisa. Nikamwita Domitille ashuhudie. Akahesabu kurasa kwa kidole, akanipa hongera! Tangu ahamie hapa sijawahi kuona.

Chancelle akarudi. Akauliza huyu profesa mumoja ameandika makala moja mara ngapi. Kumbe logiciel iko na kifungo cha kufuta mapacha. Mguso mumoja, kundi langu lote limekwisha. Kicheko cha Domitille kilifika barabarani.

Jumatano, 11 Juni

Chancelle yuko kwenye mazoezi ya korasi kanisani. Nimeangalia yale majina vizuri. Haya gani hii! "Lindqvist, A." "Ferrand, J." Jina tupu na herufi moja. Kama wezi wanavyoitwa kituoni kwa polisi.

Siku zetu, shuleni kwa masista, ukitaja mwalimu kwa jina tupu ulipiga magoti kwenye changarawe. Jina la baba mukwe wangu sikulitamka hata siku tulimuzika. Na mutoto wangu anasimama mbele ya watu na "Ferrand, J."? Watasema hakulelewa.

Nimewapa heshima, kila mumoja. Papa Lindqvist. Papa Ferrand. Wa kike, Mama. Penye shaka, Muzee. Mugongo unauma lakini roho imetulia.

Tena iko kifungo cha kuongeza mutu mupya. Nikamwingiza Papa Gérard, Bogoro. Kichwa cha kazi: Ng'ombe. Mwaka: Tangu Zamani.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Chancelle alichapisha asubuhi mbiombio, hakusoma, akapeleka. Amerudi macho mekundu. Profesa ameuliza mbele ya wanafunzi wote kama elimu ya ng'ombe duniani imeandikwa na familia moja ya akina Papa. Wote wamelundikana kwenye P! Wazee wangu kwenye M. Na huyu Papa Gérard anachapisha wapi tangu zamani? Amesema: kesho saa sita, ama mwaka kesho.

Hakunipigia kelele. Aliniongelesha Kifaransa. Chancelle akianza kunisemesha Kifaransa, ujue hali ni mbaya.

Nikajitetea. Babu yako alijua ng'ombe ya maziwa mazito kwa kuitazama tu ikitembea. Akanijibu polepole: mama, lakini hakuandika popote.

Ni kweli. Baba alitia dole tu. Nikaenda kupepeta mchele usio na mawe.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri amefuta wote, akashusha fichier upya, akabonyeza. Mimi nyuma yake, mikono nimeifunga ndani ya kitenge. Waliingia uchi, maskini, Lindqvist A., Ferrand J. Niliwatazama mpaka wa mwisho. Baba hakuingia.

Wanamuweka stoo gani mutu kama yeye?

Chancelle akageuka, akaniangalia. Akafungua ukurasa wa shukrani, akaandika: kwa babu Gérard wa Bogoro. Nikaomba herufi ziwe kubwa kidogo. Akakataa. Akachapisha, akaruka juu ya moto, pikipiki ya abiria, vumbi tupu!

Saa sita kasoro simu ikalia. Profesa amepokea! Ametia sahihi! Nilipiga vigelegele mpaka Domitille akatoka, akapiga na yeye, vya shingo upande lakini akapiga.

Jumamosi, 14 Juni

Chancelle amelala kama gogo, na amestahili. Jumatatu mémoire inaenda kuchapishwa na kufungwa jalada gumu. Jana nilimuapia: ile logiciel sitaigusa tena maisha yangu yote. Alinikumbatia. Na mimi neno langu ni neno, muulize yeyote hapa Bunia.

Lakini jalada si logiciel.

Nimefungua ukurasa wa jalada kwenye ordinateur, niangalie tu. "Directeur: Prof. Marcellin." Prof.! Nukta! Kama mwandishi aliishiwa pumzi. Mutu aliyetutilia sahihi! Nimesahihisha kidogo tu: Papa Muheshimiwa Sana Profesa Marcellin, Mulezi wa Watoto Wetu. Nikaikuza ionekane toka mbali. Inapendeza! Inajaza jalada lote. Jina la Chancelle limeshuka kwenye ukurasa wa pili, lakini pale pia linasomeka vizuri.

Simwamshi. Aione mwenyewe ikirudi imefungwa.