Kunguni wa Bweni la Juu Wasifundishwe Mageuko

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Bweni ya Wasichana.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini hamjambo wewe na walimu wako wote, isipokuwa mmoja ambaye nitamfikia hapo chini. Mimi ni yule mpiga dawa wa mabweni yenu, mwenye bomba la mgongoni, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba. Nimepata onyo lako kwamba kunguni wa bweni la juu wakionekana tena muhula ujao, kazi atapewa mwingine. Sikukasirika. Nilichukua kalamu tu. Kazi hii ndiyo inayotulisha nyumbani, na ndiyo inayomsomesha binti yangu hapo hapo kwako, katika bweni hilo hilo. Kwa hiyo naomba unisikilize: kosa si la dawa. Kosa ni la somo la biolojia.

1. Dawa ninayopiga ni ile ile aliyopiga baba, na naichanganya kwa kipimo chake, yaani maji mpaka harufu isiwasumbue wanafunzi. Enzi za baba kunguni walikuwa na adabu: ukipuliza, wanakufa. Siku hizi ukipuliza, wanajipangusa. Dawa haikubadilika, mimi sikubadilika. Kilichoongezeka hapo shuleni ni mwalimu mpya wa biolojia na ile sura ya kitabu chake inayohusu mageuko ya viumbe.

2. Wanafunzi husoma kwa sauti wakiwa vitandani. Nani yuko kitandani pamoja nao? Sina haja ya kumtaja. Anasikia neno kwa neno kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, kwamba anayehimili dawa ndiye anayebaki kuzaa, na watoto wake wanarithi uhimilivu huo. Mwalimu Mkuu, hilo si somo, hayo ni maelekezo. Ukimwonyesha mwizi mahali unapoficha ufunguo, usije ukamlaumu seremala wa mlango.

3. Mwalimu huyo alifanya jaribio mbele ya darasa. Kunguni wa bweni aliwatia chupa moja. Chupa ya pili akatia wale wa kibanda cha mlinzi, ambaye hajawahi kuniruhusu nipulize kwake kwa sababu ya kifua. Wote wakapulizwa dawa yangu. Wa mlinzi walikufa kabla kipindi hakijaisha. Wa bweni walizunguka chupa kama wanaotafuta mlango. Akawaambia watoto huo ni ushahidi. Nami nakubali ni ushahidi: wa mlinzi hawakusoma!

4. Nilipompelekea hoja hiyo, hakubishana. Alichukua mayai ya kunguni wa bweni akayaweka mbali na kitabu chochote. Yakaanguliwa. Watoto wale, ambao hawajawahi kuonja dawa wala kuhudhuria kipindi, walipopulizwa hawakutingishika. Ndipo akanieleza kwa upole kwamba wamezaliwa na usugu huo, na kwamba kwa miaka yote dawa yangu imekuwa ikiwaondoa wanyonge na kuwaachia vitanda wenye nguvu, ambao ndio wanaozaana. Kwa maneno mengine, mimi na marehemu baba tumekuwa wafugaji. Imeniuma sana. Sijawahi kutukanwa kwa heshima namna ile.

5. Hadubini. Amewaonyesha wasichana kuwa ngozi ya kunguni wa bweni ni nene kuliko ya wale wa mlinzi. Haikutosha, akawaonyesha mgongoni vibawa vidogo visivyofaa kitu, akasema ni masalia ya mababu walioruka. Mdudu amekwisha kusahau kwamba ukoo wake uliwahi kuruka, tumshukuru Mungu, halafu mtu mzima mwenye shahada anamkumbusha! Wakianza kuruka nitapuliza wapi?

6. Aliyeshika chupa siku ya jaribio ni binti yangu mwenyewe. Ni yeye pia aliyelieleza darasa kipimo cha maji. Akapata alama za juu kuliko wote. Sikujua nifurahi au nilie, basi nikafanya yote mawili kwa zamu.

Kwa hiyo naomba sura ya mageuko isifunguliwe mpaka kunguni wasahau. Ikishindikana, ifundishwe kwenye banda la kuku, maana kuku wakigeuka wakubwa hakuna atakayelalamika. Bwenini isomwe historia tu, hasa ya falme zilizoanguka, ili wadudu wakate tamaa. Mwalimu ahamishiwe shule ya kutwa, isiyo na vitanda, na lile onyo langu aondoke nalo yeye.

Nisalimie matroni, wapishi, mlinzi na kifua chake, na wasichana wote wanaojikuna.

Wako mwaminifu, bomba mgongoni,
Mpiga dawa

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani mwezi mzima kwa kukosa stempu. Katika mwezi huo binti amekuja likizo, na begi lake, alilolitua chumbani kwetu, halikuja tupu. Nilipuliza chumba chetu kwa kipimo cha baba. Mama watoto alivumilia siku chache, kisha akabeba mto wake akahamia chumba cha binti, akasema atarudi kunguni wakifa au mimi nikisoma. Nimesoma. Kitabu cha binti kinasema usirudie dawa moja miaka nenda rudi, na kwamba mvuke wa moto hauzoeleki upesi. Nimejaribu yote mawili na chumba kimepona. Nakuomba unipe nafasi moja zaidi bwenini, nije na dawa nyingine na mvuke. Mwalimu asihamishwe, maana kuna kurasa sijazielewa na ningependa kukaa nyuma darasani kwake. Binti amekubali, mradi nisimwambie mtu kwamba mimi ni baba yake.