Stesheni ya Nyasura

Nyasura ya Bunda haina reli wala treni, na Gibson aliona papo hapo kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Akajivika kofia ngumu ya njano na kizibao cha kung'aa, akapigilia vigingi kando ya uwanja wa mpira, akasubiri kuulizwa.

"Stesheni," alimnong'oneza mama wa kwanza aliyeuliza. "Treni ya mjini, Bunda mpaka Musoma, asubuhi na jioni. Lakini mama, usimwambie mtu."

Kufikia mchana hakuna aliyebaki Bunda ambaye hakuwa ameambiwa asimwambie mtu. Nafasi za vibanda vya stesheni alizouza zikagombewa kama nyama ya harusi. Mwalimu mstaafu Baltazar, msomi wetu, alilipia mbili, akaomba risiti ya moja ili mkewe asijue.

Bhoke, muuza sato wa kukaanga, alitaka kantini nzima.

"Taslimu sina, injinia. Ila nina dume wa ng'ombe Kiabakari, kwa kaka yangu Machage. Kamchukue mwenyewe, nitampigia simu."

Dume! Gibson alikaribia kucheka mbele za watu. Akakumbatia mkoba wenye hela za watu, akapanda gari la Kiabakari, akiwa na nia ya kutorudi Nyasura hata kwa mazishi.

Machage akamkabidhi kamba. Injinia akaanza kumburuta dume kuelekea mnadani, akiwa na viatu vyake vilivyochongoka. Jamani! Ndani ya mkoa wa Mara, mgeni, peke yake, na ng'ombe wa watu, hana kibali! Hakumaliza hata kilima kimoja. Mwano ukapigwa, ule ukelele wa ng'ombe kaibiwa, na wanaume wakatoka kila upande na fimbo.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu! Muulizeni Machage!"

Machage alifika taratibu, akamkagua juu mpaka chini. "Dume ni wa dada yangu. Huyu simjui."

Fimbo zikainuka. Gibson, ambaye hakuwahi kusema kweli tangu abatizwe, akapiga magoti.

"Mimi sio mwizi wa ng'ombe! Mimi ni tapeli! Hakuna stesheni, niliwadanganya watu!"

Wakati huo pikipiki za kutoka Nyasura zilikuwa zimeshasimama, Bhoke mbele, wanunuzi nyuma.

"Mmemsikia?" alisema Bhoke. "Nilikuwaga nawaambia, mkaniona mshamba. Ndiyo maana nikamwambia kaka asimjue mpaka nifike."

"Anaongopa!" alifoka Mwalimu Baltazar. "Anaogopa fimbo tu. Stesheni ipo!"

"Haipo, mwalimu! Haki ya Mungu haipo!"

"Kama haipo, hela zetu ziko wapi?"

"Hizi hapa!" Gibson akaukung'uta mkoba wote kwenye vumbi. "Chukueni! Nani kasema mwizi? Mimi tapeli, jamani, tapeli tu!"

Kila mtu akaokota chake. Wenye fimbo waliridhika kiasi, wakakaa kumsubiri mgambo. Bhoke akashika kamba ya dume wake, akaondoka na kaka yake bila kugeuka nyuma.

Baltazar akachuchumaa karibu na Gibson, akatazama huku na huku, kisha akamsogezea hela zake.

"Injinia," alinong'ona, "kwa kuwa wenzangu hawa wajinga wamejitoa, na kantini je, bado ipo?"

Gibson akazitazama hela. Akazitazama fimbo. Akaanza kulia kwa sauti.