Seli za Mama Zimehamia Kwangu

Kwa Daktari wa Upasuaji, Wodi ya Matumbo

Bingwa wangu, Mkono wa Dhahabu,

Shikamoo. Mimi ni yule fundi cherehani kijana niliyekuuliza maswali kumi na saba siku ulipompunguza mama tumbo. Tangu hapo nimejisomea sana, na sasa nina malalamiko. Nayaleta kwa heshima zote.

1. Ulituambia seli za mafuta zina saa yake ya ndani: kuna muda wa kuweka akiba na muda wa kuichoma. Za mama zilikuwa zimepoteza majira, ukasema upasuaji utasaidia kuzirudisha kwenye mstari. Daktari, zimerudi mno! Saa kumi na mbili asubuhi mama yuko mlangoni kwangu kavaa raba: "Amka tukatembee, seli zimeshaingia kazini!" Zake hizo. Zangu bado zimelala.

2. Anakula vijiko vinne, kashiba. Sahani inabaki. Nyumba ina watu wawili. Nani anaimaliza? Usinijibu.

3. Hapa ndipo penyewe. Mama kapungua kilo thelathini. Zimeenda wapi? Nimefanya utafiti kwa suruali zangu nne, nilizozishona mwenyewe. Kila mwezi kiuno kinabana zaidi. Ijumaa kifungo kiliruka kikampiga mteja kwenye miwani! Basi ni wazi: seli ulizozifuta kazi kwa mama zimepata ajira kwangu, tena zamu zote mbili.

4. Nikimlalamikia mama, ananiambia "Pole, baba," kisha anainamia cherehani yake, mabega yakimtikisika. Nadhani analia.

Kwa hiyo naomba kitanda Jumatatu, unipasue na mimi. Au urudishe nyuma kidogo saa za mama, tugawane mzigo.

Wasalimie manesi wote, mlinzi wa getini, na, kama bado yupo, yule mzee wa kitanda cha dirishani anayekoroma kwa vituo.

Wako mtiifu, anayepumua kwa shida,
Mwana wa Kitanda cha Tisa

Tanbihi: Mama kaikuta barua hii mezani, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kumbe ni yeye! Kila mwezi nikienda kununua nyuzi, anafumua viuno vya suruali zangu, anapunguza nusu inchi, anashona upya. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi, mshono wake na wangu ni mmoja; ningeutambuaje? Anasema aliniona namaliza sahani kama yeye alivyokuwa akimaliza zetu tulipokuwa wadogo, akaona bora niogope mapema kuliko yeye aliyeogopa akiwa tayari juu ya meza yako. Nimejipima kwa tepu, jambo ambalo fundi mzima sikulifikiria. Sijaongezeka hata unywele.

Kitanda mpe mwingine. Suruali bado zinabana. Ungekuwa mimi, Bingwa, ungezifumua?