Tochi Mbili na Sahani ya Jumamosi

Jumatatu, 6 Oktoba

Märsta, Sweden. Mvua. Mgongo unauma.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike ukweli. Juzi nilichelewa tena. Kila Jumamosi saa kumi jioni, Watanzania wachache tunakula kwa Flaviana, Hallonbergen, baada ya mazoezi ya kwaya. Mimi siimbi. Nakwenda kula na kuongea. Hasa kuongea. Siku sita za juma naongea Kiswahili na usukani tu, nao haujibu.

Adui ni safari ya Norwei. Tangu Septemba nimepewa mimi. Ijumaa napakia vipuri kwenye vani, napeleka Oslo, nalala humohumo ndani ya vani, Jumamosi narudi. Dominic, dereva mwenzangu, amepewa Uppsala. Uppsala! Hapo pua na mdomo. Saa tisa na nusu ameshavua viatu, amekalia kile kiti cha karibu na jiko, anamchekesha Flaviana.

Jumamosi mbili za kwanza sikupanda hata juu. Niliona watu wanatoka, nikageuza. Juzi nikajikaza. Nikafika saa kumi na mbili na nusu. Namkuta Dominic anakwangua ukoko kwa kijiko. Akasema, "Aisee Cyprian, umewahi! Vyombo vyote vinakusubiri uvioshe." Kicheko nyumba nzima. Nikageukia palepale mlangoni, viatu mguuni. Flaviana aliita kitu kutoka jikoni. Sikusubiri kusikia. Mtu ana heshima yake.

Nikala mkate kwenye treni. Mkavu.

Azimio: Jumamosi hii, saa kumi kamili, kiti kile ni changu.

Hesabu: Oslo wananifungulia geti saa nne asubuhi. Nikifuata vibao vyote, nikarudisha gari Märsta, nikapanda treni, ni saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo lazima niibe saa mbili na nusu barabarani. Inawezekana.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Optatus. Alikuja huku kusomea barabara zamani, sasa anakaa ofisini na anavaa miwani. Nilimuuliza kuhusu zile kamera za Norwei ambazo Dominic ananitishia nazo.

Akasema zinakwenda mbili mbili. Ya kwanza inasoma namba za gari na kuandika muda. Ya pili, kilomita kadhaa mbele, inafanya vilevile. Kisha kompyuta inagawanya umbali kwa muda uliotumia. Ukitumia dakika chache mno, umekwisha. Huo ndio mwendo wa wastani.

Mimi tochi naijua. Nimeendesha lori Sumbawanga hadi Mpanda miaka tisa. Trafiki kajificha kichakani na tochi yake ya kupima mwendo, unapunguza, unampungia mkono, ukimpita unakanyaga. Nikauliza, je, nikipunguza mbele ya kamera? Akasema naweza kupunguza, naweza kushuka na kuipigia magoti, haitanisaidia, inahesabu njia nzima.

Si haki! Ni kama yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa anasahihisha na njia badala ya kuangalia jibu tu. Ndiye aliyenifanya niishie darasa la sita.

Nikauliza ujanja ni upi. Akasema upo, ni kufuata kibao. Huo si ujanja. Huko ni kusalimu amri.

Nikamtajia zile saa mbili na nusu. Akacheka mpaka akakohoa. Akanishauri nipande ndege.

Jumatano, 8 Oktoba

Akili ipo Kongo! Désiré anafanya usafi uwanja wa ndege, na ana begi ambalo halikosi kitu. Leo katoa kinusa tochi. Kijisanduku cheusi, kinabandikwa kwenye kioo cha mbele, kina taa nyekundu. Alisema, "Mon frère, hii kitu inasikia rada kilomita mbili. Hata askari mwenye anawaza tu kukukamata, inamusikia."

Nikauliza kuhusu kamera za mbili mbili. Akasema hizo ndizo kinazopenda kupita zote.

Nimempa jiko langu la umeme la kupikia wali. Roho iliuma. Lakini wali wa mtu mmoja ni wali gani? Unachukua nusu kikombe, unakaa unautazama unavyochemka.

Akanionya nisikioneshe kwa watu. Anaogopa wezi, bila shaka. Mtu mwema.

Jumamosi nipo mezani, nyie!

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaribio. Nilipeleka mzigo Vällingby, nikaegesha mbele ya duka. Kifaa kikapiga kelele. Nikainama chini ya usukani. Hakuna askari. Kikapiga tena. Nikagundua kinalia kila mlango wa duka unapofunguka. Bibi na kigari chake, pii! Baba na mtoto, pii! Njiani nako, kila gari jipya likinipita, pii pii pii.

Nikampigia Optatus. Akaeleza kwamba mlango ule nao una rada ndogo ya kujua mtu amekuja, na magari mapya yana rada za kutazamana. Nikabaki nalifikiria hilo. Mlango wa duka unajua nimekuja. Jirani yangu Märsta, ukuta mmoja, mwaka wa pili huu, hajui.

Nikauliza, na zile mbili mbili? Akasema hizo hazimuliki gari kwa rada, zinatazama tu namba na saa. "Kaka, utanusaje macho ya mtu?" Akasema nimenunua mbwa wa kunusa mpiga picha. Kisha akaanza, na tena sheria ya Sweden inasema... Nikakata simu. Wasomi hawajui pa kuishia.

Haidhuru. Usiku huu nimekiweka mezani ninapokula. Gari likipita nje kinasema pii, mimi nasema karibu. Si mazungumzo mabaya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika ndani ya vani, Oslo. Siku ya aibu, lakini pia ya ushindi. Nianze na ushindi.

Kwanza nilitumia njia ya nyumbani. Sisi madereva, ukipishana na mwenzako unamkonyeza kwa taa: mara mbili, trafiki yupo mbele. Naye anakujibu, anakunyooshea dole gumba, mnacheka, mmeshakuwa ndugu. Nikamkonyeza kila niliyepishana naye tangu Örebro, ili anijibu hali ya mbele. Hakuna. Magari mia moja, labda mia mbili. Hakuna hata mmoja. Mwanamume mmoja aligusa paji lake la uso kwa kidole. Hiyo sidhani kama ni salamu.

Nikaingia Norwei. Kibao: kamera za mbili mbili zinaanza, kilomita nane, mwendo themanini. Nikakitazama kinusa tochi. Kimya! Kinachopigia kelele vikongwe Vällingby, hapa bubu kabisa. Nikashtuka, mguu ukiwa chini. Mshale mia na kumi. Kamera ya kwanza imeshaniona. Nimekwisha.

Ndipo akili ikafunguka. Wanagawanya umbali kwa muda, sivyo? Basi mimi nitawaongezea muda! Mbele kidogo kulikuwa na maegesho ya pembeni. Nikaingia, nikazima gari. Dakika nne tu zitatosha kuwavuruga. Nikatoa chapati yangu ya jana, nikala, nikacheka peke yangu. Nimewaweza, wasomi na kompyuta zao!

Sasa aibu. Nilisinzia. Kazini nilianza saa kumi na moja alfajiri, mwili una haki yake. Nilipoamka ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Nikapita kamera ya pili nimenyooka kama ninakwenda kanisani. Kisha nikapiga hesabu. Kilomita nane kwa karibu saa nzima. Mwendo wangu wa wastani ni wa kuku. Sasa naogopa jambo jingine: je, kuna faini ya kwenda polepole? Wanorwei watafikiri nilikuwa nalisukuma gari.

Lakini ujanja unafanya kazi! Kesho nitautumia bila usingizi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Geti lilifunguliwa saa nne kasorobo! Robo saa ya bure, zawadi. Nikaondoka kama mshale. Kwenye zile mbili mbili nikaenda mbio, nikasimama maegesho, nikahesabu dakika kwa kidole, nikaondoka. Kwa mahesabu yangu niliokoa dakika sifuri. Sielewi ziliingia wapi.

Nikavuka mpaka. Kabla ya Karlstad nikaona sanduku la kamera ya Sweden, ile ya moja moja. Kifaa kilipiga kelele! Kimesema kweli mara ya kwanza! Furaha ikanizidi. Nikamkonyeza kwa taa aliyekuwa anakuja, mara mbili, ndugu, angalia mbele.

Na huyu akanijibu! Taa mbili. Machozi yalikaribia. Kisha akageuza gari, akanifuata, akawasha taa za buluu.

Askari mwanamke, mpole, anasema Kiswidi cha polepole. Aliuliza taa zangu zina nini. Nikasema kwetu ni salamu. Akauliza nilikuwa namsalimia nani. Nikasema yeyote.

Mwenzake akasogeza gari lao karibu zaidi. Kinusa tochi kikapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa. Askari akauliza ni nini kile. Nikasema saa ya kuniamsha. Akauliza nimeitega ilie saa ngapi.

Nikamkabidhi leseni.

Kumbe Sweden ni kosa hata kuwa nacho tu ndani ya gari! Désiré! Wakakibandua, wakakitia kwenye mfuko wa plastiki kama maiti. Wakaandika makaratasi. Barua itakuja nyumbani. Saa moja na nusu tulikuwa pale pembeni mwa barabara. Aliniuliza natoka wapi, ni umbali gani, nina watu wangu hapa? Nikamweleza Sumbawanga, baridi yake, mama yangu. Juma zima sikuwa nimeongea na mtu muda mrefu hivyo. Aliporudisha leseni niliumia kidogo kwamba tumemaliza.

Hallonbergen nimefika saa mbili usiku. Chini kwenye lifti, Dominic huyo anatoka, kopo la chakula mkononi. Akasema, "Pole mzee, leo hata vyombo vimeoshwa." Nilitaka kugeuza. Lakini njaa na uchovu havina heshima. Nikapanda. Nimsalimie Flaviana tu, nishuke.

Flaviana akafungua. Akaniangalia juu hadi chini. Akasema, "Kaka Cyprian, leo viatu unavua, au unakimbia tena kama mwizi?"

Nikavua. Akaenda jikoni, akafungua oveni, akatoa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ugali na kisamvu. Moto.

Nikauliza ni ya nani. Akasema, "Ya kwako. Juma lililopita nilikuita nikupe, umeshaondoka. Juma la kabla yake nilikuona dirishani unageuza, nikadhani umesahau kitu. Jumamosi tatu nakuwekea sahani, Jumatatu naila mwenyewe kazini. Mtu anatoka Norwei atafikaje saa kumi? Kwani sijui?"

Nilikula. Nikapenga kamasi, nikasingizia pilipili.

Kisha nikamsimulia yote: mlango wa Vällingby, mwendo wa kuku, saa ya kuniamsha. Alicheka akashika meza. Akasema binti yake Gladness siku hizi anamjibu kwa Kiswidi, tena neno moja moja, kisha anaingia chumbani. Wageni wakiondoka, nyumba inamwelemea. Akasema ni vizuri mtu mmoja achelewe.

Tukakaa saa moja na nusu. Wawili tu. Kiti kile cha karibu na jiko nilikalia mimi! Mlangoni akaniambia, "Usikimbie. Njoo kwa mwendo wako. Sahani ipo."

Jumapili, 12 Oktoba

Märsta. Jua kidogo. Nimelala kama mtoto. Sasa nimetulia, nimelipima jambo lote kwa akili.

Nikifika saa kumi, Dominic yupo. Nikifika akishaondoka, nina Flaviana, oveni na kiti. Kwa hiyo kuchelewa ndiko kuwahi! Hili Dominic hawezi kuligundua, kichwa chake ni cha Uppsala.

Optatus nilipomweleza akasema basi shida imekwisha, nifuate vibao tu, kuchelewa kutakuja kwenyewe. Kaka wa watu, hajui mambo haya. Barabara haiaminiki. Theluji inakuja. Na je, Dominic akiondoka mapema, kabla yangu, akaacha pengo mtu mwingine akalikalia? Lazima niwe karibu nione mwenyewe.

Mpango: nifike Hallonbergen saa kumi kamili. Nisigonge. Nikae kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kimya, mpaka nimsikie Dominic anaingia kwenye lifti. Kisha nigonge, nimechelewa.

Kwa hiyo bado nahitaji kuiba saa mbili na nusu.

Nimempigia Désiré. Kuhusu kile cha kwanza amesema pole sana, kilikuwa cha kizamani. Anacho kipya. Hiki hakinusi rada, kinanusa macho. Anataka pasi yangu. Nampa kesho, shati nitalinyoosha kwa viganja.

Ngazini kuna baridi. Nitabeba chapati.