Nahodha wa Boti Isiyo na Mashine

Joab Oloo hakujaliwa mali wala elimu, ila alijaliwa jicho. Angekitazama kitu kibovu kwa muda, kikageuka bidhaa. Mchana ule alikuwa amekimbilia Tudor kupunga upepo, kwa sababu kule Makadara mtu mmoja alikuwa akimtafuta na fremu ya miwani mkononi. Miwani yenyewe, kwa maelezo ya Joab, ilitengenezewa marubani. Vioo vilidondoka kabla mnunuzi hajafika kwake.

Ndipo alipoiona boti. Ilikuwa boti kubwa ya abiria ya zamani, imetia nanga karibu na ufuo, ubavu mmoja umepakwa rangi nyeupe na wa pili umeachiwa kutu, kana kwamba fundi aliitwa kula akanogewa. Ufuoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi mtu mnene akimenya chungwa.

"Salaam aleikum, mzee wangu," Joab alisema. Alikuwa Mjaluo wa kuzaliwa Majengo, lakini katika maamkuzi alimshinda mwenyeji yeyote, maana alijua mtu wa Mombasa huanza kununua pale anapoulizwa hali ya nyumbani. "Wambaje? Watoto hawajambo? Na afya?"

"Alhamdulillahi, sote wazima. Nami naitwa Chonga. Wataka nini, yakhe?"

"Boti hino ni yako?"

"Naitunza mimi," Chonga alijibu. Mtu makini angelitambua kuwa hilo si jibu. Joab hakuwa makini, alikuwa na furaha. "Lakini haina mashine. Iling'olewa zamani."

"Hainisumbui. Naikodi usiku mmoja."

"Uende nayo wapi, na mashine haina?"

"Boti haiendi popote. Watakaokwenda ni abiria."

Chonga aliacha kumenya. Joab akamweleza. Watu watapanda jioni, watatazama ghuba jua likizama, watakula pilau. Kisha mapazia ya turubai yatashushwa pande zote, kwa sababu upepo wa usiku una mafua. Jenereta itawashwa chini, boti itetemeke. Alfajiri, maji yakishapwa na kujaa, boti itakuwa imegeuka yenyewe kwenye nanga, na turubai itafunuliwa upande mmoja tu, ule unaoelekea mikoko ya ng'ambo. Watu watajiona wameamka ghuba nyingine.

Chonga alicheka mpaka chungwa likamwanguka. "Wallahi wewe ni mwanachuoni. Chukua boti. Ila iwe Jumamosi, Jumamosi tu. Na mukishashusha mapazia musitoke nje, majirani hapa wana midomo."

Joab akaona amepata mshirika mwenye busara. Mimi nisicheke sana. Kama si huu mgongo, nami ningekata tikiti.

Maana tikiti zenyewe aliziuza kwa ustadi. Hakumwambia mtu kwamba safari ni rahisi, kwani kitu rahisi watu hukishuku. Alisema hizi ni nafasi za wazungu walioghairi. Wameshalipa, wamerudi kwao, nafasi zimebaki wazi, na yeye, kwa kuwapenda ndugu zake, anaziachia kwa bei ya kutupa. Wallahi msimwambie mtu. Kufikia magharibi ilijua Makadara yote.

Bwana Kioko, mwenye nyumba za kupangisha kule Tudor, alimvuta pembeni. Alikuwa tajiri wa kweli, maana hakuna aliyewahi kumwona akinunua soda.

"Mzungu aliyekuwa kwenye nafasi yangu alilipia na chakula?"

"Alilipia, bwana."

"Mzungu hula kiasi gani?"

"Sahani mbili."

"Basi nami nipewe mbili," alisema Kioko kwa ukali wa mtu anayedai haki yake. "Na kama alikuwa na mke, niwekee na ya mke."

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka Jumamosi jioni. Joab alisimama ubavuni mwa boti, ule mweupe, amevaa shati jeupe na kofia ya unahodha yenye nembo ya nanga, aliyoinunua kwa muuza mitumba. Abiria walikuwa wakishuka kwenye ngalawa na kupanda boti. Alipanda Oliver wa bandarini na mkewe Beverly, waliooana juzijuzi na wasiotazama kitu kingine isipokuwa nyuso zao. Akapanda Kioko, hajala tangu jana. Wakapanda akina mama wa saluni ya Sheryl, aliyemsaidia Joab kuuza tikiti, wote wamesuka upya. Kisha ngalawa ya mwisho ikaja, na ndani yake ameketi Ketty, mke wa Joab, na ubavuni pake mama yake Ketty.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo penye roho ya mtu. Kwa miaka yote ya ndoa Joab alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba yeye ni nahodha. Ilianza kama neno la kupita, siku ya kuposa, alipoulizwa anafanya kazi gani na macho yake yakaangukia bahari. Wakwe walikuwa mbali, huko ufuoni mwa ziwa, na uongo wa mbali haunuki. Lakini wiki ile mama mkwe alikuwa amekuja, akafikia kwa binamu yake Majengo, na hakuja kutembea.

Ketty alimsogelea mumewe, sauti chini. "Mama amenunua tikiti kwa Sheryl, kwa pesa yake. Anataka kuiona hiyo kazi. Akishuka ameridhika, nabaki. Asiporidhika, naondoka naye, sanduku nimeshalifunga. Nami, Joab, nimechoka kumtetea mtu nisiyejua anafanya nini."

"Ketty, usiku wa leo si mzuri..."

"Kwani nahodha ana usiku mbaya?"

Alimpenda mke huyu kupita kiasi. Alikuwa ndicho kitu pekee alichokipata maishani bila kukisifia uongo, ukiacha ule wa unahodha. Mama mkwe alipita mbele yake ameinamisha macho, kwa heshima, naye Joab akainamisha yake, wakaamkiana kwa mbali kama inavyowapasa wakwe.

Na hapo likazuka balaa la pili. Kwao Joab, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Ni mwiko, na mwiko hauulizi kama ni nyumba ama boti. Joab aliuza miwani ya vioo vya kudondoka bila kope kupepesa, lakini jambo hili hakuweza hata kulifikiria. Mjanja mzima, akajiambia, kumbe una mpaka, tena mpaka wenyewe umevaa kitambaa cha kichwa.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hapakuwa chini ya paa la abiria: kile chumba cha mashine kisicho na mashine, kishimo cha chuma kule nyuma, chenye kifuniko chake na maji ya kifundoni. Akaamua kukesha humo na jenereta.

"Na mkoba wa nauli?" Chonga alimnong'oneza akiwa tayari kurudi ufuoni na ngalawa. "Humo mna maji, utaloa. Na kwa mkeo hutauweka."

Alisema kweli, kwa mkewe asingeuweka. "Nishikie mpaka asubuhi," Joab akasema.

"Amana ni amana, ndugu yangu," Chonga alisema, akaweka mkono kifuani.

Turubai zikashuka. Joab akaingia shimoni, akawasha jenereta, na boti ikatetemeka vizuri ajabu. Jenereta ilipiga kelele mpaka meno yakamgongana, na moshi ukamwingia puani. Pilau alilinusa tu, kwani mbele ya mama mkwe hali. Alichukua kipaza sauti chake, akaziba sikio moja.

"Mabibi na mabwana, nahodha wenu anawasalimu. Tumeng'oa nanga."

Huko juu wakapiga makofi. Baada ya muda boti ikashtuka kidogo, halafu ikaanza kuyumba taratibu. Maji yanapwa kwa nguvu leo, Joab aliwaza. Hata bahari imeamua kunisaidia.

"Sasa tunakaribia Daraja la Nyali," akatangaza, kwa kuwa ndivyo alivyoandika mkononi.

"Naliona!" Beverly alipaza sauti, jicho kwenye tundu la turubai. "Oliver, njoo, ni daraja kweli! Magari yanapita juu yetu!"

Joab alitikisa kichwa gizani. Masikini dada wa watu, alijisemea. Mapenzi yakikolea mtu huona hata kisichokuwepo. Akaona huruma kidogo, kisha akaona fahari nyingi zaidi.

Mayumbo yakazidi. Boti ilipanda, ikashuka, ikalala ubavu, ikainuka. Kutoka juu ilimfikia sauti ya Bwana Kioko akitapika sahani zake mbili na ile ya mke wa mzungu. Joab aliguswa. Kwa miaka mingi alikuwa amewafanya watu waamini, lakini hajapata kumfanya mtu atapike kwa imani tupu. Kama angekuwepo shahidi angelia.

"Kulia kwenu ni Mji wa Kale na Ngome," alitangaza kwa sauti ya kitajiri, maji yakimfika magotini. Hakujibiwa. Akadhani wamelala.

Kulipokucha alizima jenereta, masikio yakiendelea kuvuma. Akapanda juu, amelowa, mweusi wa masizi usoni, kofia kichwani. Akasimama mbele ya turubai ya upande wa mikoko.

"Mabibi na mabwana," alisema, "karibuni ghuba ya pili."

Akaifunua. Hapakuwa na mikoko. Palikuwa na feri mbili za Likoni zikipishana zimejaa watu, mbele kidogo winchi za bandari zimesimama na taa zao hazijazimwa, na chini kabisa, karibu sana, ufuo uliojaa mapande ya meli zilizokatwakatwa. Boti yao ilikuwa imefungwa kamba nene kwenye boti ndogo ya kuvuta. Joab aliiteremsha turubai. Akasubiri kidogo, akaifunua tena. Feri zilikuwepo palepale.

"Likoni!" Oliver alipiga kelele. "Tumezunguka kisiwa!"

Makofi yakapigwa ya kweli, na vigelegele vya saluni nzima. Kioko, uso wa kijani, alimshika Joab mkono. "Nilidhani wewe tapeli. Nisamehe. Nimetapika kihalali."

Kabla Joab hajapata la kusema, mtu mwenye miwani ya kuchomelea alichungulia kutoka kwenye boti ya kuvuta. "Asalaam aleikum. Mimi Gunga, wa vyuma vikuukuu. Nyinyi ndio walinzi wa Chonga?"

"Walinzi?"

"Aliniuzia chombo hiki. Alisema nikivute Jumamosi usiku, na ndani mna walinzi wake, nisiwasumbue. Mbona walinzi wamesuka?"

Joab alitoa simu, akampigia Chonga. Mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsikiliza na kwa Kiingereza. Chonga alikuwa amekula kwa Gunga, amekula kwa Joab, akabeba na mkoba wa amana. Na mimi ndiye niliyempa, Joab aliwaza, tena nilimuuliza hali ya watoto.

Lakini ulimi wake ulikuwa mzima bado. Akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana, sehemu ya kwanza imekwisha. Sehemu ya pili ya matembezi yetu, kurudi kisiwani, tutaifanya kwa chombo kikubwa zaidi."

Chombo hicho kilikuwa feri, ambayo mwenda kwa miguu huvuka bure. Wakavuka, Kioko akiwa na furaha kuliko wote, kwani alihesabu kwamba sehemu hii hata mzungu asingeipata kwa bei nafuu zaidi.

Joab hakufurahi. Alisimama peke yake kwenye ukingo, akimtazama mama mkwe aliyekaa upande wa pili wa feri, mbali kama ipasavyo, mkoba wake mapajani. Alimwona akimwita Ketty, akimwambia jambo refu. Ketty akaja akipenya katikati ya watu na mikokoteni.

"Mama amenituma. Anasema boti haina mashine."

Joab aliiweka kofia sawa.

"Anasema aliona jioni, kwenye tundu la turubai. Nahodha alitangaza nanga imeng'olewa, na nyuma ya boti maji hayakuchafuka. Huko ziwani hata mtoto anajua. Usiku akachungulia tena, akaona kamba inavuta. Anauliza, wewe ulijua kama tunavutwa?"

Yangeweza kusemwa mengi, na kumi na moja yalikuwa tayari mdomoni mwa Joab. Akayameza. "Mwambie sikujua."

"Amesema utasema hivyo au utasema uongo. Anajua hukujua. Ulitutangazia Ngome tukiwa tumeshafika Likoni." Ketty alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Angesimama jioni ileile akuumbue mbele ya watu wote. Lakini alitaka kwanza aone utalala wapi."

Joab alitazama suruali yake iliyolowa na mikono yake yenye masizi.

"Anasema watu wote umewadanganya, ila yeye ulimheshimu ukidhani haoni. Anasema nibaki."

Joab alivua kofia. Akainama kuelekea kwa mama mkwe, mbali vilevile, na kwa mara ya kwanza watu wa Mombasa wakamwona Joab Oloo bila kitu cha kuuza.

"Bado hajamaliza," Ketty alisema. "Ameshawapigia simu kina mama wa kanisa lake. Watakuja Desemba, basi zima, kufanya safari hii hii. Pesa zao nitashika mimi. Na anasema utafute boti yako, na uiweke mashine."

Jumatatu Joab alikuwa gereji moja ya mashine za boti, Tudor, na kofia yake mkononi. Muuzaji alimwamkia vizuri mno, akamuuliza hali ya mke, hali ya mama mkwe, na afya. Kisha akamvuta pembeni, akateremsha sauti.

"Ipo moja, ndugu yangu, sijamwambia mtu. Ilikuwa ya mzungu aliyeghairi."

"Bei gani?" Joab akauliza.