Kumfundisha Meja Ushujaa Kabla ya Idd

Jumatano, 26 Machi

Balaa! Ba'mdogo Msabaha amepiga simu kutoka Miono. Anakuja kula Idd kwetu hapa Kerege. Hilo si balaa, karibu sana. Balaa ni kwamba anakuja kumkagua Meja. Kasikia mbwa aliyetupatia akiwa mdogo kama kiatu amekuwa mwoga wa fataki. Ikiwa ni kweli, anaondoka naye, akafukuze nguruwe mwitu kwenye mahindi. Aliyempelekea habari simtaji. Wifi yangu Habiba.

Ba'mdogo ni mdogo wake marehemu baba mkwe. Alipigana vita vya Kagera, akastaafu na cheo cha koplo. Mbwa kamwita Meja makusudi, ili angalau mara moja maishani amwamuru meja aketi, na meja aketi.

Meja haondoki. Mume wangu, Baba Dija, yuko na lori njia ya Tanga wiki nzima. Usiku naamka kumnyonyesha Amin, macho mekundu, mgongo umekufa, namsikia Meja nje anajikuna, mkia unagonga mlango. Basi najua siko peke yangu. Lakini koplo mstaafu utamwambia hivyo? Nimemwambia tu kwamba mbwa ni simba. Nikaongeza kwamba ana moyo wa babu yangu mzaa mama, Sajini Mtoro, naye alikuwa vitani.

Habiba, kakaa pembeni yangu, akasema kwa sauti, simu iko hewani, kwamba babu yangu alikuwa mpishi.

Mpishi wa jeshi! Si mpishi wa mgahawani!

Jioni watoto wa jirani wamepasua fataki. Moja tu. Meja kakimbilia nyuma ya choo, akatumbukiza kichwa kwenye ndoo. Simba.

Alhamisi, 27 Machi

Nina mpango. Mbwa ataogopaje mlio anaousikia kila akila? Jua linakaribia kuzama, futari iko tayari, nikamwekea Meja dagaa wake, nikashika sufuria kubwa na mwiko wa chuma. Dagaa mmoja, pa! Dagaa wa pili, pa, pa! Akala! Anatetemeka, lakini anakula! Furaha ikanipanda, nikaigonga ile sufuria kama ngoma ya harusi.

Sasa mimi ningejuaje? Umeme umekatika, kipaza sauti cha msikiti kimya, mtaa mzima umekaa mbele ya futari umetega masikio. Wakasikia sufuria. Wakadhani kuna mtu mwema kajitolea kutangaza magharibi. Nyumba nne zimefungua! Mzee Rajabu kanywa uji kikombe kizima, na jua bado linamtazama usoni.

Kaja na kikombe chake mkononi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Kasema siku yake ya leo nitailipa mimi. Nikamwambia, babu, mimi nanyonyesha, deni langu mwenyewe na Mungu sijui nitalimaliza mwaka gani, nitabebaje na la mtu? Hapo mama mkwe akanivuta ndani kwa mkono.

Meja hakusubiri kuvutwa. Kuona kikombe kimenyanyuliwa, huyoo, nyuma ya choo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekaanga kalimati beseni zima kuomba radhi. Mzee Rajabu kapokea, kasema hajasamehe, karudi kuuliza kama zimebaki.

Zilibaki, ndipo mpango wa pili ukanijia. Mbwa hazoei fataki? Basi fataki zitoke mtaani! Nikatangaza kwa watoto: ukileta fataki moja unapata kalimati mbili. Haikufika alasiri nina mfuko umejaa. Najisifu mwenyewe. Nikakaanga tena, unga wa Idd ule ule.

Jioni binti yangu Dija ananiambia dukani fataki zimekwisha. Watoto walikuwa wanazinunua ili waniletee mimi. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Kasema asingeweza, alikuwa kwenye foleni.

Miaka mitano huyu!

Mfuko nimeufukia ndani ya kiroba cha mkaa, kule bandani. Mama mkwe hapiki tena, magoti hayamruhusu. Habiba mikono yote ina hina. Mkaa naugusa mimi tu. Mahali salama kuliko benki.

Jumapili, 30 Machi

Sijui nianze wapi. Nianze na raha.

Ba'mdogo kafika alasiri, kanzu nyeupe, kanyooka kama mlingoti, mananasi kwenye kikapu. Hata maji ya kunawa hajapewa, kashasimama mbele ya mbwa. "Meja, keti!" Akaketi. "Meja, simama!" Akasimama. Uso wa Ba'mdogo uliwaka! Nikamtupia Habiba jicho moja, la kumtosha mpaka mwakani.

Mwezi ukaandama. Mtaa ukalipuka kwa shangwe, lakini shangwe za midomo tu, maana fataki zote ninazo mimi. Meja katulia kwenye mchanga kama sheikh. Ba'mdogo kasema naona mwanangu nilidanganywa. Nilitaka kulia. Mpango wangu umefanikiwa, wa kwanza tangu nizaliwe.

Nikaingia ndani kumbadilisha Amin. Kumbe huko nje mama mkwe, kwa furaha ya kumwona shemeji yake, kasema chai ya leo ataipika mwenyewe, magoti yapende yasipende. Kainua kiroba, kamimina mkaa gizani, mfuko na vyote, kawasha, kapepea, katoka kwenda kuchuma mchaichai. Alhamdulillahi kwa mchaichai!

Lo! Pa-pa-pa-papapa! Nyekundu, kijani, sijui buluu! Birika limeruka ukuta, limetua kwa Mzee Rajabu. Amin analia, Dija anashangilia, mama mkwe kasimama na majani mkononi anauliza nani kamtia shetani kwenye jiko lake.

Natazama, Meja hayupo. Ba'mdogo naye hayupo. Mlango wa chumba cha mama mkwe uko wazi. Chini ya kitanda naona mkia na pindo la kanzu.

Habiba kaanza kucheka. Nilimtazama mpaka akaacha. Nikachuchumaa. Ba'mdogo kalala kifudifudi, mkono kauzungusha shingoni mwa Meja, wanatetemeka wote wawili. Anamnong'oneza: "Tulia, afande. Tulia. Zinapita."

Nikakaa pale pale sakafuni na mwanangu kifuani. Zikapita.

Alipotoka kajikung'uta, kasema kule Kagera waliowacheka wenzao kwa kulala chini hakurudi hata mmoja kutusimulia. Isitoshe Meja ndiye aliyetangulia kuingia, na koplo humfuata mkubwa wake. Mama mkwe kajibu hewala, lakini mkubwa wake kaulamba msala wake wa kuswalia. Chumba kikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama inavyooshwa najisi ya mbwa. Koplo naye kaoga vivyo hivyo, hakubisha.

Nimeosha mimi. Nani mwingine?

Jumatatu, 31 Machi. Idd!

Pilau imetoka vizuri, nisiwe mnafiki. Katikati ya sinia Ba'mdogo katangaza kwamba Meja anakwenda Miono. Si kwa woga. Kule hakuna fataki, wazee wawili wakapumzike pamoja.

Nilikuwa na uongo mzuri wa namna tatu tayari mdomoni. Haukutoka hata mmoja. Nikasema hapana, Ba'mdogo, nisamehe, haondoki. Usiku humu niko na watoto na kiza, na yule ndiye ninayemsikia mlangoni.

Kisha Habiba, Habiba huyu huyu, akasema ni kweli, wifi hana mwingine wa kuongea naye. Kama ni wema au kijembe, bado nafikiria.

Ba'mdogo katafuna mpaka mwisho. Kasema basi abaki, ila kwa sharti: nisimpeleke karibu na mlio wowote. Akisikia fataki moja tu imemfikia Meja, anapanda basi la kwanza kuja kumchukua, na safari hiyo hataki maneno. Nikaapa. Wallahi nimeapa, mbele ya pilau.

Tukampa Meja mifupa. Nimemkumbatia. Nikaenda kujiosha mara saba.

Jumatano, 2 Aprili

Ba'mdogo kaondoka asubuhi. Kampigia Meja saluti, kisha mimi.

Mchana kaja shoga yangu Mwanvita wa Mlingotini. Kaka yake anaoa Jumamosi. Wanachinja, na mwaka jana kwenye harusi ya jirani nyama iliibwa yote. Kasikia habari za mbwa wetu. Kwao zimefika hivi: mbwa wa Kerege kasikia bomu kabla ya watu, kamwokoa koplo mzima. Sikumsahihisha. Nimeongeza kidogo.

Anaomba Meja akawalindie nyama. Mimi ndiye nitakayekaa meza ya mbele, mwenye mbwa! Nikauliza, kwa sababu mimi nimeapa na kiapo changu nakiheshimu, kama kutakuwa na mlio. Kasema hakuna, labda fataki mbili tatu za kumpokea bwana harusi.

Habiba kanikodolea macho. Nikamwambia Miono ni mbali, na harusi ni ya siku moja.

Nimekubali. Fataki mbili tatu ni kitu gani kwa mbwa mwenye cheo?